Ufa Nilioficha kwenye Mguu wa Maria

Mguu wa kwanza wa mbao niliotengeneza ulikuwa mzuri kwa muda wa siku kumi na nne. Mwenyewe alikuwa mvuvi mmoja mnene wa Kalundu. Nilimpima amesimama, nikatazama mabega yake, yako sawa kama meza. Akaenda zake anacheka. Wiki mbili baadaye nikamwona barabarani, upande mmoja umeshuka kana kwamba mguu mmoja unatembea ndani ya mtaro. Mto wa pamba wa kukalishia goti ulikuwa umelala. Nikaona aibu, nikamtengenezea mwingine haraka haraka, nikazidisha urefu kwa vidole viwili. Sasa akawa anapanda ngazi kila hatua. Hakunitukana. Aliniletea samaki, akasema, "Fundi, huu wa tatu tuutengeneze pamoja."

Ninyi vijana wa atelier, hii karakana ya kisasa, mna plasta, mna mashine za umeme, mna vitabu vya Kifaransa vyenye picha. Nawaanzia na mvuvi huyo ili msidhani nilizaliwa najua. Pamba hushuka. Acheni nafasi ya kidole kimoja, halafu mwiteni mtu arudi baada ya wiki mbili, hata akisema hana shida. Watu wetu wana adabu, hawapendi kumsumbua fundi.

Nilianza kazi Kalundu, kwenye boti za mbao, chini ya mzee Lubunga. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole akakwambia kama maji yamekwisha ndani au bado. Misioni ilipotafuta mafundi wa miguu na magongo kwa ajili ya disipanseri, zahanati yao ya Uvira, walimwita yeye, naye akanichukua. Huo ulikuwa wakati wa Wabelgiji, miaka ya hamsini. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na mtoto, na nilijiona fundi kamili.

Miguu yetu ilikuwa ya kupiga goti. Aliyekatwa chini ya goti alikunja goti lake, akalikalisha juu ya mto ndani ya kisanduku kidogo cha mbao. Fito mbili zilipanda pande zote za paja, mikanda ya ngozi ikafunga. Chini ya kisanduku ulitoka mti mmoja ulionyooka hadi ardhini, na kwenye ncha yake tulipigilia kipande cha tairi. Msicheke. Watu walilima na miguu hiyo, wakabeba watoto mgongoni, wakacheza ngoma kwenye harusi.

Maria Nahimana alitufikia kutoka Nyakabere, amekaa juu ya magunia ndani ya kamyo, lori la pamba. Mamba wa Ruzizi alimshika akichota maji. Wenzake walimvuta wakamwokoa, lakini mguu wa kushoto, kuanzia katikati ya muundi, ulibaki mtoni. Alikuwa mama wa watoto watatu, mwembamba, na macho yake hayakukwepa ya mtu. Nilichukua kamba ya kupimia nikamuuliza, kwa heshima yote, anataka mguu wa namna gani.

"Wa kulima," akasema.

"Mama, yote iko ya kutembea. Ukitembea, utalima."

"Hapana. Weye umeshaingia mu shamba la Nyakabere mvua ikinyesha? Hii fimbo yako itaingia mu matope kama musumari. Minye nitabakia pale nimesimama kama muhogo."

Mzee Lubunga akacheka hadi akaweka randa chini. Siku hiyo tulianza kutengeneza nyayo pana, za duara kama sahani, kwa watu wa bonde. Hatukufundishwa na daktari yeyote. Tulifundishwa na mama wa Nyakabere.

Mguu wake wa kwanza ulimtumikia mwaka mzima na zaidi. Aliporudi kuomba mwingine, ndipo Masere, yule mtawa wa kizungu aliyesimamia disipanseri, alipotuletea habari. Usumbura, ng'ambo ya ziwa, kutakuwa na mashindano ya vilema. Siku zile tulisema vilema tu, na wao wenyewe walijiita hivyo. Nchi tatu zitakutana: Urundi, Tanganyika ya Waingereza, na sisi Kongo. Uvira ndiyo itatoa timu ya Kongo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Watu wanne, na fundi mmoja wa kuangalia vyombo.

Fundi huyo nilikuwa mimi. Mzee Lubunga alikataa kwenda. Alisema ameshaona Usumbura.

Kulikuwa na vijana wawili wa milimani wa kushindana kwa magongo. Kulikuwa na Yosefu, mchukuzi wa zamani wa Kalundu, aliyeanguka ndani ya tumbo la meli akabaki hana nguvu kuanzia kiuno kwenda chini. Alitembea juu ya ubao wenye magurudumu manne niliomtengenezea, mikono yake minene kama mapaja ya mtu mwingine. Yeye angetupa jiwe. Na Maria angeingia mashindano ya akina mama: kuzunguka uwanja wa mpira na mtungi wa maji kichwani. Wa kwanza kufika ndiye mshindi, lakini aliyemwaga maji hadi chini ya alama iliyochorwa ndani ya mtungi anatoka.

Maria aliposikia akasema, "Ile kazi najua."

Yosefu hakufurahi. Watu wa Maria walikaa bonde la Ruzizi, upande wetu, tangu mababu, lakini nyumbani walisema Kirundi. Yosefu alisema mbele ya kila mtu, "Huyu mama akwende kushindania Urundi. Njo kwao kule. Tutamuvalisha jina ya Kongo juu ya nini?"

Maria alikuwa anakaza mkanda wake. Hakuinua kichwa. "Yosefu, ndugu yangu, minye mamba alinikulia huku. Muguu yangu iko mu tumbo la mamba ya Kongo. Weye unataka alama gani ingine?"

Tukacheka sote, na Yosefu akacheka kidogo, lakini hakuyafuta maneno yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kuna makosa ya kutojua, kama yale ya mvuvi, na kuna mengine.

Mguu mpya wa Maria niliutaka uwe mzuri kuliko yote. Utaonekana na nchi tatu! Tulikuwa na mbao kavu za muvula pembeni, zina madoa na misumari ya zamani, na tulikuwa na gogo moja jipya, mistari yake imenyooka, rangi yake kama asali. Nikachukua jipya. Niligonga kwa kifundo kama mzee alivyonifundisha, nikasikia sauti nzito ya maji, nikajiambia litakauka njiani. Siku tatu kabla ya safari nikaona ufa. Ulianzia chini ya kisanduku, ukashuka urefu wa kiganja, mwembamba kama unywele.

Ningeweza kuanza upya. Siku tatu zilitosha, kama ningelala kidogo na kusema ukweli. Lakini Masere alikuwa ameushika mguu ule asubuhi hiyo akausifu mbele ya mafundi wote. Nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikajaza ufa, nikapiga msasa. Kisha nikapaka mguu mzima rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka boti.

Mzee Lubunga alipita akasimama. Akapitisha kidole gumba juu ya rangi. "Umepaka rangi?"

"Ndiyo, mzee. Ya sikukuu."

Akanitazama, akaenda zake.

Maria alipoiona ile buluu aliweka mkono mdomoni. Miguu yetu haikuwa ikipakwa rangi. Alisema, "Aksanti sana, fundi Kashindi. Hakuna mutu aliyenifanyizia kitu cha kupendeza tangu mamba." Nilimjibu nini? Nilisema si kitu, mama.

Tulipanda boti Kalundu. Wachukuzi waliowahi kufanya kazi na Yosefu walitaka kumbeba, mmoja akasema kwa mzaha, "Tumuweke kwa mizigo." Yosefu akawafukuza. Akalala kifudifudi juu ya ubao wa kupandia, akajivuta kwa mikono hadi ndani, nasi tukamletea magurudumu yake nyuma. Maria alipita baada yake, mtungi wake umefungwa kwenye kitambaa. Kila unyayo wa buluu ulipogonga ule ubao nilitega sikio nisikie kama ufa unafunguka. Niseme kweli, sikuliona ziwa siku ile. Niliangalia mti mmoja tu.

Usumbura walitulaza kwenye madarasa ya shule. Kila timu ilipewa kibao chenye jina la nchi yake, na Yosefu akakishika cha KONGO kama mtu anayeshika mtoto wake. Asubuhi ya mashindano Maria alitoka uani kufanya mazoezi, na katika hatua ya kumi nikasikia: *kri*. Sauti ndogo. Yeye hakuisikia, au alidhani ni mkanda. Mimi nilijua. Mashindano yake yalikuwa alasiri.

Nilimwendea. Nikamwambia akae. Nikasema, "Mama Maria, huo muguu iko na ufa."

"Wapi? Siuone."

"Chini ya rangi."

Akauangalia mguu, kisha akaniangalia mimi. "Unajua tangu lini?"

"Tangu kabla ya safari. Mbao ilikuwa mbichi. Nilificha."

"Minye nilifikiri ile rangi ni zawadi," akasema.

Vijana wangu, nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimetukanwa na wazungu, na waganga, na mume wa mtu mmoja alinirushia gongo kichwani. Hakuna neno lililonikaa kama lile. Alilisema polepole tu.

Nikamwambia tunaweza kumwomba Masere aondoe jina lake. Akafungua mikanda, akaweka mguu kando. Yosefu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Kisha Maria akasema, "Kule kwa Warundi kuna muzee fundi wa ngozi. Jana nilimusikia anaongea. Nitamuuliza yeye."

"Utapeleka ufa wetu kwa watu tunaoshindana nao?" Yosefu akapaza sauti.

"Ufa si wetu, Yosefu. Iko ya fundi Kashindi."

Akachukua gongo la mmoja wa wale vijana, tukaenda, mimi nyuma nimebeba mguu kama mwizi aliyeshikwa. Mzee yule aliitwa Ndayizeye. Alikuwa amekaa chini ya ukuta akishona mkanda wa timu yake, mdomo umejaa nyuzi. Maria alimsalimu kwa Kirundi, akampa mikono miwili. "Data, ndagusavye," alianza: baba, nakuomba. Kirundi nakisikia kiasi. Hakuficha chochote. Alisema mguu umepasuka, fundi alificha, leo alasiri atatembea dhidi ya binti zao.

Mzee Ndayizeye alikwangua rangi kwa ukucha, akaukuta ufa, akaufuata hadi chini. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Weye njo ulifanya?"

"Ni mimi, mzee."

"Mbao nzuri. Ungeingojea." Akamgeukia Maria. "Binti yetu mumoja anatazamiwa kushinda leo. Akikushinda juu muguu ilivunjika, atakuwa ameshinda nini?"

Siku ile walikuwa wamechinja ng'ombe kwa ajili ya wageni, na ngozi ilikuwa bado mbichi. Mzee akakata ukanda mrefu, akaulowesha, akauzungusha kwenye mti wa mguu, mzunguko juu ya mzunguko, akivuta kwa meno na mkono. Hii ishikeni, hata leo itawafaa mkiwa mbali na duka: ngozi mbichi ikikauka juani hujikaza kuliko chuma. Lakini igeuzwe kila mara, jua liipige pande zote sawasawa. Ikikauka upande mmoja, itapinda mti.

Nilitaka kukaa niigeuze, lakini wale vijana walikuwa wananiita, gongo moja limelegea. Nani akaugeuza mguu? Yosefu. Alijiviringisha hadi katikati ya uwanja wa shule, akauweka mguu wa Maria mapajani, akawa anaugeuza polepole kama mtu anayechoma nyama. Mbwa wa mtaa mzima walisikia harufu ya ngozi. Nilipita mara tatu, na kila mara nilimkuta anawatisha kwa kile kibao cha KONGO, akiwatukana kwa lugha zote alizojifunza bandarini. Alikosa chakula cha mchana. Walipomwita kutupa jiwe, alimkabidhi Maria mguu mkononi, akaenda akatupa, akawa wa tatu kati ya watu watatu. Hadi alipokufa aliwaambia watu wa Kalundu kwamba alikuwa wa tatu katika nchi tatu, na hakuna aliyeuliza walikuwa wangapi.

Alasiri wakapanga akina mama watano, wawili wa Urundi, wawili wa Tanganyika, na Maria peke yake wa Kongo, mitungi kichwani. Nilikagua ngozi. Ilikuwa ngumu kama mfupa. Filimbi ikalia.

Mwanzoni alikuwa wa tano. Alitembea kama anatoka mtoni kwenda nyumbani, bila haraka, shingo imenyooka. Wa mbele walikuwa wepesi, miti ya miguu yao myembamba. Lakini kona ya mbali ya uwanja ilikuwa na mchanga laini, na huko ncha zao zikaanza kuzama. Mmoja akayumba, maji yakamwagika. Mwingine akasimama kujichomoa. Maria akaingia mchangani na ule unyayo wake wa sahani, akapita kama yuko Nyakabere. Akawapita watatu. Nani aliwaambia watu wa Urundi waliokuwa ukingoni kwamba ni mtu wa lugha yao? Sijui. Wakaanza kupiga makofi: "Komera! Komera, mama!" Jipe moyo. Na katikati ya sauti zao nikasikia moja nene ya Kalundu inafoka, "Komera!" Yosefu hakujua hata neno lingine la Kirundi.

Kwenye mstari wa mwisho nikaona mti umeanza kujipinda, unyayo umeangalia nje. Ngozi imeshika, lakini mbao ndani inazunguka. Maria alihisi. Akafupisha hatua, akaacha kumtazama mwenzake wa Tanganyika aliyekuwa mbele. Alichagua kufika. Akawa wa pili. Waliposhusha mtungi wake, maji yalikuwa juu ya alama, na akina mama wa Urundi walimshika kila upande, kwa kuwa mti ulikuwa umepinda.

Mwandishi mmoja mwenye daftari akauliza jina na nchi. Kabla Maria hajavuta pumzi, Yosefu alikuwa ameshasukuma kibao mbele ya uso wa yule mwandishi. Kona moja ilikuwa na alama za meno ya mbwa.

Tuliporudi, nilimweleza mzee Lubunga yote. Akasema, "Niliona ufa siku ile."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Nilingoja useme weye."

Nilimpenda mzee yule, na karibu yote ninayojua yalitoka mikononi mwake. Lakini nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na nawaambia: hapo alikosea. Alikuwa ananifundisha mimi, na aliyekuwa anasafiri juu ya ule mti ni Maria. Ukiona ufa kwenye kazi ya mwenzako, sema siku hiyo hiyo. Adabu ya mwanafunzi ingojee.

Wiki moja baadaye Maria akaja kwenye karakana, akauweka ule mguu wa buluu juu ya meza yangu.

"Nitengenezee mwingine," akasema. "Mbao kavu. Bila rangi."

"Ndiyo, mama."

"Na ukimaliza, utautembelea kwanza weye."

"Minye?"

"Weye si uko na goti? Likunje."

Nikatengeneza kwa mbao zile za madoa na misumari ya zamani. Ulipokuwa tayari, Maria akaleta ndoo. Nikakunja goti langu zima, nikalikalisha juu ya mto, nikafunga mikanda, nikajitwika maji, nikatoka nje kuelekea sokoni. Uvira yote ilitoka kuangalia. Akina mama wa samaki walishikana mabega kwa kucheka. Maria alitembea nyuma yangu juu ya magongo, hacheki, macho yake kwenye mti.

Kufika hatua ya ishirini maji yalikuwa yameshanilowesha mgongo. Kufika hatua ya hamsini niligundua kwamba ufito wa ndani unauma paja, juu kidogo, mahali ambapo mkanda unavuta ukikanyaga. Kila hatua unauma pale pale. Ni wangapi walikuwa wameniambia habari ya ufito ule! Nami niliwajibu wote neno moja: utazoea.

Nikasimama. Nikatua ndoo.

"Mama Maria, hapa panauma."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akaegemea gongo moja, akaweka kidole kwenye paja lake mwenyewe, juu kidogo, upande wa ndani.

"Hapo," akasema. "Sasa rudi ukatengeneze."